Plasta ya Mzee Sadallah

Mzee Sadallah alipanda basi la Kiwangwa akiwa amekosana na dunia nzima, na dunia ilikuwa bado haina habari. Siku tisa hajavuta sigara, siku tisa hajalala. Bi Hajra, muuzaji wa duka la dawa aliyeketi kiti cha pembeni yake, alifanya kosa la kumwamkia na kumuuliza hali.

"Hali gani? Nimebandika plasta ya kuacha sigara, nimejibandikia balaa. Usiku macho makavu, kiungulia kinapanda mpaka puani. Aliyeniuzia ni jambazi."

"Unaibandika saa ngapi, baba?"

"Baada ya isha. Alfajiri naibandua."

"Ndiyo maana hulali, na huenda kiungulia nacho kinatokana na hiyohiyo. Hubandikwa asubuhi, hubanduliwa kabla ya kulala."

"Na udhu?" Mzee alipandisha mkono wa kanzu kwa hasira, akaonyesha alama nyekundu karibu na kifundo cha mkono. "Maji yatafikaje kwenye ngozi? Unataka nisali ovyo kwa ajili ya plasta?"

Hajra akaitazama ile alama. "Udhu unaishia kwenye kiwiko, baba. Ungeibandika begani."

Abiria waligeuza shingo kumtazama mzee. Mzee Sadallah alikuwa amewafundisha watoto wa chuo cha Kurani kutawadha kwa miaka thelathini.

"Tunazungumza dawa hapa," alifoka, "usiniletee darasa."

Basi likasimama Kiwangwa. Alishuka bila kuaga, akasimama mbele ya kibanda cha sigara, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukipapasa bega.