Fenta Ayanaw, Mchora Miguu Wetu

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Sene, mwaka 2010 kwa hesabu yetu ya Kiethiopia, ndugu yetu Fenta Ayanaw anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii ya michoro ya kanisa, hapa nyuma ya soko la Jumamosi la Gondar, kwa miaka thelathini na sita. Katika miaka hiyo amechora miguu isiyo na idadi, mikono mingi, masikio ya kutosha, na macho mara mbili tu. Mkuu wa karakana ameniomba niandike habari zake kwa sababu mimi, Yirdaw, mpika gundi ya kubandikia vitambaa vya michoro kwenye kuta za makanisa, ndiye pekee niliyebaki wa rika lake. Wako wanaoandika vizuri kuliko mimi, lakini hawakuwapo.

Fenta alifika mwezi wa Meskerem 1974, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Zigba, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, akiwa na mfuko wa shayiri ya kukaanga na Zaburi zote kichwani. Mwalimu wetu, marehemu Aleka Tegenye, hakumuuliza kama anajua kuchora. Alimuuliza kama viatu vyake vinavuja.

Aleka alifundisha mwili wa binadamu kwa kufuata Maandiko, na alianzia chini. Kwanza miguu, maana ndiyo inayoshuka milimani na habari njema, na ndiyo Bwana aliyoinama kuiosha. Kisha mikono, na hapo wa kuume uwe mkubwa kidogo kuliko wa kushoto, kwa kuwa matendo makuu ya Mungu husemwa kuwa ya mkono wake wa kuume. Kisha masikio, ambayo kwake yalikuwa mlango wa utii. Alipenda kutukumbusha kwamba Bwana, usiku ule wa kukamatwa, alipata nafasi ya kuponya sikio la mtu aliyekuja kumkamata. Shingo hazikumshughulisha sana, ila ya Farao ilitakiwa iwe ngumu na nene.

Macho yalikuwa ya mwisho. Jicho ni taa ya mwili, alisema, na taa haiwashwi nyumba ikiwa haijaisha. Mchoraji alichora macho asubuhi, akiwa hajatia kitu kinywani, na kwa kanuni ambayo nawaandikia vijana wetu wa sasa kwa sababu wameanza kuisahau: mwema anachorwa uso kamili, macho mawili, anatutazama nasi tunamtazama. Mwovu anageuzwa upande, anabaki na jicho moja.

Mwaka wake wa kwanza Fenta aliona huruma akamvalisha Petro viatu. Aleka aliisogelea kazi ile, akaitazama sana. "Huyu umempeleka wapi, harusini?" akauliza. Fenta akasema mawe ya Galilaya yanaumiza. "Musa mwenyewe alivuliwa viatu, sembuse mvuvi wako! Futa!" Alifuta. Miaka miwili ya miguu ikapita, miwili ya mikono, na kidogo ya masikio, na mwanzoni mwa mwaka 1979 Aleka alimwita mbele yetu sote akamkabidhi brashi nyembamba ya macho. Sijamwona kijana aliyefurahi vile.

Bahati mbaya brashi ile ilimfikia akiwa na hasira. Miezi miwili kabla, katikati ya mvua kubwa, baba yao alifariki Zigba. Kaka yake mkubwa, Admasu, mkulima, alimzika mzee bila kumsubiri Fenta. Mto ulikuwa umefurika, mjumbe alikaa ng'ambo siku nne, na maiti haingoji maji yapungue. Mtu mzima angeelewa. Fenta hakuelewa. Alizunguka hapa karakanani akisema, "Kaninyima baba yangu," na sisi tukamwacha aseme, tukidhani maneno yataisha yenyewe.

Kazi iliyokuwa mezani wakati huo ilikuwa ya kanisa la Mikaeli la Zigba, kanisa la kwao. Kitambaa cha ukuta wa kaskazini, Bwana akipigwa mijeledi. Fenta alimchora Bwana kwa macho mawili ambayo hadi leo sijaona mfano wake. Kisha akamchora askari mwenye mjeledi, jicho moja, na akampa uso wa kaka yake. Ndevu zake, paji lake, na ili mtu asije akakosea, sikio lake lililong'olewa kipande na punda tangu utotoni. Aleka alikuwa hamjui Admasu, akasifu kazi. Mimi nilikuwa nimemwona mara moja sokoni, nikatambua, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, na nimeliweka hapa ili lisomwe pamoja na mengine.

Nilikibandika kitambaa kile mwenyewe, kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe niliyoichemsha siku mbili. Sikukuu ya Mikaeli ya mwezi wa Hidar pazia likafunguliwa, akina mama wakapiga vigelegele. Halafu watoto wakaanza, kwa lile neno letu la heshima kwa mkubwa, gashe. "Gashe Admasu! Tazameni, Gashe Admasu anampiga Bwana!" Admasu alikuwa amesimama na wanaume, mbele kabisa. Alitazama ukuta. Akapeleka mkono kwenye sikio lake polepole, akatoka nje. Fenta alikuwa kando yangu, na niliona hasira ikimtoka usoni papo hapo, ikabaki aibu.

Tangu siku ile Admasu hakuingia tena kanisani. Kila Jumapili na kila sikukuu alifika, akabusu nguzo ya lango la nje, akasimama hapo na viatu vyake, maana kwetu anayeingia ndani huvua, mpaka ibada iishe, kama wanavyosimama wale wanaojiona hawastahili kuingia siku hiyo. Wao husimama siku moja, siku mbili. Yeye alisimama miaka thelathini na moja.

Msidhani Fenta alikaa tu. Mwezi huohuo alipeleka wazee wa usuluhishi. Admasu aliwapokea vizuri, akawanywesha kahawa, akawaambia, "Mdogo wangu nimemsamehe. Mwambieni alale usingizi. Lakini siwezi kusali huku najiona nampiga Mungu." Wazee walirudi na maneno hayohayo. Fenta akaenda kwa kasisi wa Zigba wa wakati ule, akaomba ruhusa ya kufuta uso. Kasisi alikuwa mkali kama pilipili ya Fogera. "Kilichobandikwa na kuombewa hakiguswi. Nikimruhusu kila mchoraji anayetubu alete ngazi, nitabaki na ukuta gani?" Fenta aliomba tena kila mwaka hadi kasisi yule alipofariki, na aliyefuata akashika msimamo uleule.

Mara ya kwanza tu alipokataliwa ndipo aliporudisha brashi ya macho. Aliiweka mbele ya Aleka akasema jicho lake mwenyewe si zima, hafai kuwasha taa ya mtu mwingine, akarudi kwenye miguu. Mchoraji bora wa karakana hii, pengine wa mji mzima, akakaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Vijana waliokuja baadaye walidhani haoni vizuri. Mmoja alimnunulia miwani.

Na miguu yenyewe sasa! Ilikuwa ya ajabu. Petro, Yohana, Filipo, wote miguu yao mipana, kisigino kimepasuka, na kidole kidogo cha kushoto kimempanda jirani yake. Tulimtania hadi tukachoka. "Fenta, hawa kumi na wawili walizaliwa na mama mmoja?" Yeye alijibu kwamba mguu wa mtume lazima uonekane umetembea, akaendelea. Makanisa arobaini na moja yana miguu hiyo. Mkuu wa karakana aliyetangulia aliwahi kumpa onyo la maandishi kuhusu kidole kile, na barua ya onyo imo kwenye jalada lake mpaka leo, ndiyo pekee.

Mengine ya utumishi wake nitayasema kwa kifupi. Amefundisha wachoraji kumi na mmoja, na watatu leo ni walimu. Miaka ile ambayo kazi za kanisa zilikuwa haba alichora mabango ya vinyozi ili karakana isifungwe. Hakuwahi kugombana na mtu hapa ndani, isipokuwa mimi, na isipokuwa kuhusu gundi. "Gundi yako ni ya shetani," alinilaumu kila masika. "Ingekuwa hafifu kama ya wenzako, kitambaa kile kingeshaanguka, mimi nikalala." Kwa miaka thelathini na moja nililaumiwa kwa kufanya kazi vizuri. Nadhani hakuna mtumishi mwingine katika nchi hii aliyepata lawama ya namna hiyo.

Mvua za mwaka jana zilifanya kile ambacho makasisi walikataa. Bati la Zigba lilitoboka, maji yakashuka ukuta wa kaskazini, na kitambaa cha mijeledi kikaoza nusu nzima. Kasisi kijana aliyepo sasa akatuandikia tutengeneze kingine. Barua iliposomwa, Fenta alisimama. Akasema, "Kazi hiyo ni yangu yote. Na macho." Karakana nzima iligeuka kumtazama, hata yule aliyemnunulia miwani.

Alifanya kazi miezi mitatu. Siku aliyofikia uso wa askari alikuja kabla ya jua, hajala. Niliingia na sufuria yangu ya gundi nikamkuta ameshika kioo cha kunyolea. Kwenye kitambaa kulikuwa na pua. Yeyote aliyewahi kumwona Fenta anaijua pua ile, inaingia mlangoni kabla yake. Jicho moja.

"Wewe una wazimu," nikamwambia. "Unataka kuzeekea Zigba, na kila Jumapili watoto wakunyooshee kidole?"

"Wanyooshe."

"Mchore mtu yeyote! Mchore Mrumi! Kwani lazima awe mtu tunayemjua?"

"Yirdaw, uso ule ulikuwa wangu tangu mwanzo. Aliyeshika mjeledi siku ile ni mkono huu," akauinua mkono wenye brashi. "Mimi nilimpiga nani? Nilimpiga yeye. Nilikosea jina tu."

Nilimuuliza basi Admasu atamweka wapi, labda awe Simoni aliyebeba msalaba, apewe macho yake mawili kwa fidia. Alikataa. Alisema kaka yake ametosha kukaa ukutani, mahali pake ni sakafuni pamoja na watu wengine. Niliendelea kukoroga gundi, na nakiri niliikoroga ile kali.

Tulikibandika, na tarehe kumi na mbili ya mwezi huu, sikukuu ya Mikaeli ya Sene, tulikuwa Zigba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia yote ilikuwa tope. Admasu alikuwa kwenye lango la kanisa, mahali pake pa siku zote, sasa mzee wa miaka sabini na minne, na fimbo, na viatu vya plastiki vimejaa matope. Fenta alimwendea. Mimi nilibeba jagi la maji ya kunawa, nikasimama karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Gashe, ingia," Fenta alisema.

"Nasikia umenifuta."

"Nimekufuta."

"Umemweka nani?"

"Mimi."

Admasu alimtazama. "Jicho moja?"

"Moja."

Niliogopa. Nilijua kwamba akikataa leo, hakuna mvua nyingine wala kitambaa kingine, na Fenta atastaafu na deni lile lile aliloingia nalo uzeeni. Kisha Admasu akatazama chini. "Miguu ina matope," akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta sababu na hataki kuipata.

Fenta alininyang'anya jagi. Akapiga magoti palepale kwenye tope na suti yake ya sikukuu, akamvua kaka yake kiatu cha kulia, akaosha. Akavua cha kushoto. Maji yalipoondoa tope niliona mguu mpana, kisigino kimepasuka, na kidole kidogo kimempanda jirani yake.

"Petro!" nikapiga kelele. Sikujizuia. Watu waligeuka. "Gashe Admasu, hii ni miguu ya Petro! Ya Yohana! Iko kwenye makanisa arobaini na moja, watu wanaibusu!"

Admasu aliitazama miguu yake kama aliyeiazima. Akamtazama mdogo wake, ambaye hakuinua kichwa. "Arobaini na moja," akasema. "Na kote huko hukunivalisha viatu hata pea moja?"

Akabusu nguzo, kama kawaida yake. Kisha akabusu kizingiti, akaingia, peku. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya ukuta wa kaskazini, akamkagua askari mwenye mjeledi kuanzia miguuni kwenda juu, kama alivyofundisha Aleka ingawa hakumjua. Alipofika usoni akainamia sikio la Fenta.

"Pua umeipunguza," akanong'ona.

Fenta alicheka, kicheko kikageuka kilio, na mimi pia, wala sioni haya kuliandika kwenye karatasi ya sherehe.

Ndugu Fenta, karakana inakushukuru kwa uaminifu wako, kwa wanafunzi wako, na kwa kutufundisha kwamba anayejua kuchora macho anaweza kushuka mwenyewe akachore miguu. Onyo la kidole limeondolewa kwenye jalada lako leo asubuhi, mkuu ametia sahihi. Zawadi yetu imo kwenye sanduku karibu na mlango: pea mbili za viatu vya ngozi. Moja ni ya kwako. Ya pili imepanuliwa upande wa kidole kidogo cha kushoto. Tunawatakieni maisha mema, wewe na mwenye miguu.