Babu Spana na Mkono Uliojifunza Kulegeza

Miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku kadhaa: ndivyo faili lake linavyosema. Tarehe 30 Juni fundi bomba wetu, Babu Spana, anastaafu kazi katika hospitali hii, na mimi mtunza stoo nimepewa ukurasa mmoja wa kumwelezea. Ukurasa mmoja! Haya, tujaribu.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi, akapanda hadi msimamizi wa karakana. Ndiye aliyebadilisha mabomba yote ya wodi ya wazazi bila wodi kufungwa hata siku moja. Ndiye pia aliyemlowesha mganga mkuu mbele ya wageni kwa kufungua koki isiyo yenyewe, kisha akaomba radhi huku akicheka, jambo ambalo halikumsaidia. Katika ufundi ana imani moja tu: ukishaikaza nati, iongezee robo ya mzunguko. Stoo yangu imepoteza nati ngapi kwa robo hiyo, Mungu ndiye anayejua.

Mwaka juzi kiharusi kilimpitia. Kilikuwa chepesi, maneno yalirudi upesi, tena kwa wingi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito. Akapewa miezi sita. Vidole visipopata nguvu, jopo la madaktari lingependekeza astaafishwe kwa ugonjwa. Hakutaka kabisa. Alitaka kumaliza miaka yake akiwa kazini, na kuwaonyesha mafundi wapya njia za mabomba ambazo hazimo kwenye mchoro wowote ila kichwani mwake. Aliniambia hayo hapa stoo, akageukia rafu ili nisione machozi. Niliyaona, na mimi nikaogopa pamoja naye.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwandikia dawa: kroshia. Jamani, kroshia! Mtu wa mabomba ya chuma akatumwa kwa Mama Mashuka, mshonaji wa chumba cha nguo, akafundishwe kufuma. Kwa wiki mbili alituaga kila mchana kwamba anakwenda kutengeneza pasi. Pasi gani hiyo inayoharibika kila siku saa saba kamili?

Somo la kwanza lilikuwa mnyororo, ambao ndio mwanzo wa kroshia yote. Unafunga kitanzi, unakitia kwenye ndoano, unazungusha uzi juu ya ndoano, unauvuta upite ndani ya kitanzi. Basi. Unarudia. Babu Spana alielewa mara moja, akafuma vitanzi kumi, na kila kimoja akakiongezea robo yake. Safu ya pili ilipofika, ndoano haikupata pa kuingia. Akaenda kuchukua koleo. Akavuta. Ndoano ya plastiki ikakatika vipande viwili, na kimoja hakijapatikana hadi leo.

Mama Mashuka alimweleza, kwa sauti iliyofika hadi korido ya maabara, kwamba huu ni uzi, hauvuji. Alimfundisha kuuacha upite vidoleni bila kuunyonga, na kuangalia kama ndoano inaingia kitanzini kwa raha kabla ya kusonga mbele. Akifuma kwa nguvu, anafumua. Alifumua mwezi mzima, na alinuna siku nyingi, tena alinuna hasa. Lakini kidole gumba kikaanza kujikunja, cha shahada kikafuata, na siku moja akafuma safu nne zilizonyooka akasahau kurudi karakana.

Miezi sita ilipotimia, jopo liliandaa karatasi nyingi za kumpima. Yeye akatoa uzi mfukoni, akafuma mnyororo wa vitanzi ishirini, akageuza akaanza safu ya pili, ndoano ikiingia bila shida. Akarudishwa kazini, na mafundi wawili sasa wanayajua mabomba yetu yote.

Jana alikabidhi funguo za karakana. Fomu ya makabidhiano ina nafasi ya kujaza sababu ya kuondoka. Karani alitaka kumwandikia, Babu akakataa. Akaishika kalamu kwa mkono wa kulia, akaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na ofisi nzima ikangoja: "Nimemaliza."

Ahsante, Babu yetu, kwa maji yote yaliyotufikia. Kapumzike na familia, uwe na afya na siku nyingi za kucheka. Huo mkono wa kulia, tunaupa hongera yake peke yake.