Kufuli Linamzuia Nani?

Jamani! Bibi harusi anasubiri picha zake leo hii, na mpiga picha kasahau neno la siri ambalo kompyuta inalidai kabla hata haijawaka vizuri. Kaikumbatia kwenye treni kama mtoto mchanga, huku akimlilia jirani yake wa kiti, ambaye kumbe ni fundi kompyuta.

“Usihofu, dada. Nachomoa diski yenye picha, naisoma kwenye mashine nyingine. Dakika kumi tu.”

“Na mwizi akiiba kompyuta je?”

“Naye dakika kumi.”

“Sasa kaka, hili kufuli linamzuia nani?”

Fundi akajikuna kisogo. “Mwizi asiye fundi.”

“Na mimi!”

“Na wewe, ndiyo.”

Treni ikasimama. Fundi akanyoosha mkono kuipokea kompyuta. Mpiga picha, asijue ashukuru au apige yowe, akazidi kuikumbatia.