Ukuta wa Nyuma ya Kochi

Ndani ya basi la Lewisham, Célestine alisikia Kiswahili cha kwao kutoka kiti cha mbele, usingizi ukamruka. Mume na mke walikuwa wanabishana juu ya karatasi za ukutani zenye maua ya dhahabu, walizozipata kwa bei ya kutupa. Kipande cha mwisho kiliishia usawa wa kiuno, chini ukuta ukabaki mtupu, na dukani hazipo tena.

"Kochi linafunika pale chini. Nani ataona?" mume alisema.

"Baba Reine, Jumamosi wapendwa wanakuja kusali. Ni lini wamesali bila kusogeza makochi?"

"Basi nitasimama pale mimi mwenyewe mpaka amina."

"Wewe? Wakianza kuimba, utaacha kucheza?"

Basi likasimama. Mume akashuka. Célestine aliwahurumia: kwake ukuta kama huo umefunikwa na kabati, na kabati halichezi.