Wasifu wa Mzee Pima-na-Mzigo, Fundi wa Inveta

Ndugu, jamaa na majirani, mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kwa mujibu wa cheti. Kwa mujibu wa marehemu mama yake ilikuwa Agosti, tena mvua inanyesha. Familia ilikaa juzi kutwa nzima kulijadili jambo hili na ikashindwa. Imeandikwa Juni kwa sababu cheti kina muhuri. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa redio. Chuoni alisimamishwa wiki mbili kwa kuifungua redio ya mkuu wa chuo bila ruhusa. Aliporudi aliamriwa aifunge. Akaifunga, ikabaki nati moja mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Nati hiyo ilitoka wapi, hakuna ajuaye.

Alitengeneza redio hadi 1998, alipohamia umeme wa jua na inveta, kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuufanya uweze kuendesha taa na friji. Watu wengi walipima betri ikiwa imetulia, wakaiona nzima, wakaondoka. Yeye alikuja juu. "Washeni vitu vyote kwanza! Pima na mzigo!" Mzigo ni vyombo vyote vinavyokula umeme, na jina likamganda hapo hapo. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, aliimbiwa hayo tangu utoto na hakuambulia kitu.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Mama, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa amempelekea redio. Mzee aliikalia redio hiyo miezi mitatu.

"Hii redio ina ugonjwa gani usiopona?" Mama aliuliza.

"Imepona. Ila haitaki kurudi kwenu peke yake."

Walijaliwa watoto watatu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye zahanati ya mtaa. Kila mara friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia zilipowashwa pamoja, inveta ililia na kuzima. Betri zilikuwa zimebadilishwa mara mbili bure. Mzee aliwasha vyote, akapima. Kwenye betri, volti kumi na mbili na kitu. Kwenye inveta, kumi tu. Volti mbili zilipotelea njiani! Alifuata waya ukutani kwa viganja siku mbili, mpaka nyuma ya kabati akakuta kiungo kimezungushiwa tepu, cha moto kama pasi. Akautupa waya ule mwembamba, akaisogeza inveta karibu na betri, akafunga waya mfupi na mnene. Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, taa na friji viliwaka pamoja, na inveta haikulia tena.

Siku hiyo hiyo muuguzi wa zahanati alimwona anatokwa jasho. Akamkalisha kwenye kiti, akampima presha, ikaonekana nzuri.

"Mzee, ukipanda ngazi pumzi inatosha?"

"Ngazi? Napanda kama paka, mwanangu."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Machi, saa tisa alasiri. Moyo, walisema.

Jumatatu binti mkubwa alikwenda zahanati na kumfokea muuguzi uani, wagonjwa wote wakisikia. "Baba yangu unampima amekaa? Baba yangu, yeye?" Muuguzi alimwacha amalize, akarudi kwa wagonjwa wake. Kwa mara ya kwanza maishani binti alidhani ameelewa somo la baba yake.

Jumanne, akitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii, alifungua mkoba wa vifaa. Fyuzi zilikuwa zimefungiwa karatasi. Karatasi ilikuwa barua ya muuguzi ya Ijumaa ile kwenda hospitali kubwa: mgonjwa anasema hana shida, simwamini, tafadhali mpimeni moyo akitembea. Binti alishika tama. Alipomwonyesha Mama, Mama akalia. Tangu Januari alikuwa akimkuta Mzee amekaa katikati ya ngazi, ameshika kifua, naye akimwambia, "Usiwaambie watoto, napumzisha miguu." Kwa nini fundi asiyeamini chombo kilichotulia alitaka yeye aaminiwe amekaa? Familia imeuliza, imeuliza tena. Binti hajui hata amkasirikie nani, maana anayestahili kufokewa ndiye anayeliliwa.

Mzee ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, na wateja ambao bado wanapiga simu yake.

Familia haijui kama muuguzi atakuja leo. Binti alimfokea mbele za watu, na mbele za watu anamwomba msamaha. Dada muuguzi, kama umekuja, usikae nyuma. Kiti kilicho kulia kwa Mama ni chako, na hatutamshusha Baba kabla hujakaa.

Mwenyezi Mungu ampe Mzee wetu pumziko la amani.