Mota ya Darubini ya Mzee

Eliakim: Haloo, fundi Eliakim hapa. Naongea na nani?

Mama Wanja: Mama Wanja wa Yamumbi. Bwana asifiwe, fundi.

Eliakim: Amina. Wa darubini?

Mama Wanja: Ndiye. Iko hapa dirishani kwa Mzee, baba mkwe. Jioni anataka kuona sayari ya Jupita, na mkono wake haushiki kitu tangu apigwe na stroke. Mimi ndiye nazungusha skrubu. Nikienda kuepua ugali, nyota imetoroka, ananiita. Tangu Pasaka sijafika maombi ya Alhamisi.

Eliakim: Si nikuje tu niione? Dakika kumi—

Mama Wanja: Hapana.

Eliakim: Mama, kwa simu ni kupapasa gizani—

Mama Wanja: Mimi ni mjane, fundi. Shemeji Kim alisema mbele ya wazee, siku mwanamume ataonekana kwa hii boma, basi nimeolewa kwingine, nifunge virago. Mzee peke yake ndiye alikataa nifukuzwe. Uliza ukiwa huko huko.

Eliakim: Haya. Kwa stendi, kuna chuma kimetokeza kando, kina uzito mwishoni?

Mama Wanja: Kiko. Kama jiwe la mizani.

Eliakim: Basi ni stendi ya ikweta, ile ya kuzunguka na nyota. Imeandikwa nini?

Mama Wanja: E, Q. Namba imekwaruzika. Marehemu aliinunua mtumba kwa mzungu aliyekuwa anahama Elgon View.

Eliakim: Gurudumu lenye namba ndogo ndogo, upana wake?

Mama Wanja: Ngoja… Linafunika kikombe cha chai.

Eliakim: Hiyo ni namba mbili. Kando ya skrubu kuna tundu la bolti?

Mama Wanja: Liko tupu.

Eliakim: Mota inakaa hapo. Ziko mbili, ya stima—

Mama Wanja: Stima ya Yamumbi unaijua.

Eliakim: —na ya betri za tochi. Chukua ya betri. Itageuza skrubu polepole badala yako, Mzee aweke jicho tu. Swichi weka kwa N, yaani kaskazini. Bango la Ikweta liko kusini yetu kidogo. Sasa, ile skeli ya kuinamisha inashuka mpaka— [mikwaruzo] —ngapi?

Mama Wanja: Ishirini. Halafu inakwama.

Eliakim: Ilitengenezewa Ulaya. Huku kwetu inatakiwa ilale karibu kabisa. Fupisha mguu wa kaskazini.

Mama Wanja: Kaskazini, jua la asubuhi likiwa mkono wa kulia. Tulifunzwa darasa la nne.

Eliakim: Umeshinda wanafunzi wa sekondari, mama. Niagize?

Mama Wanja: Agi— [mlango unafunguliwa] Karibu, shemeji. Kiti kiko hapo. Naongea na Mama Hellen wa kanisa.

Eliakim: …Nimeelewa. Jibu ndio ama la. Niagize ya betri?

Mama Wanja: Ndio, Mama Hellen.

Eliakim: Itafika Jumanne. Huyo Mama Hellen yuko kweli, nimpe akuletee?

Mama Wanja: La, mama.

Eliakim: Nimtume mtu wa boda?

Mama Wanja: La, tafadhali.

Eliakim: Mimi sina bibi wa kutuma. Basi utakuja kuichukua mwenyewe?

Mama Wanja: [kando ya simu] Shemeji, chai iko mezani.

Eliakim: Mama Wanja? Na utatokaje, mota bado ikiwa kwangu?

Mama Wanja: Mzee ananiita, Mama Hellen. Mniombee.

Eliakim: Nitakuwekea, hata ikae— haloo? Mama?