Mwiko wa Jabali

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na liko kwenye kibaraza cha Fundi Uzi, pale kona ambapo barabara ya lami inakutana na ya vumbi. Anayeketi upande wa matofali anatakiwa asicheke sana. Jioni, cherehani ikishanyamaza na Shangazi akishatua birika lake la kahawa, wanaume wazima wenye wake na watoto hukaa hapo wakarusha dadu na kugombana kwa ajili ya watu ambao hawapo duniani. Si kamari, msije mkawasingizia. Ni mchezo wa hadithi. Mpwa wa Fundi Uzi ndiye aliyeuleta, akawafundisha, kisha akahama mji akawaachia ugonjwa. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, na mtu huyo ameandikwa kwenye kipande cha boksi: jina lake, nguvu yake na mwiko wake. Nguvu ikiwa kubwa, mwiko nao unakuwa mzito. Ukiuvunja mwiko, nguvu imekwenda na maji. Fundi Uzi ndiye msimulizi. Yeye hana mtu. Kazi yake ni kueleza njia, mito, mashimo na mazimwi, na ubishi ukizuka yeye ndiye hakimu.

Jioni hiyo hakimu hakuwa na raha. Alikuwa ameshona mkono wa shati la mteja kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Nafasi ya Cheche kwenye benchi ilikuwa tupu. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na hakuwa ameonekana tangu ile jioni alipoinuka katikati ya mchezo akaenda zake bila kuaga. Karakana yake ilikuwa imefungwa kufuli. Simu yake ilikuwa inaita mpaka inachoka yenyewe. Na Fundi Uzi, kila akiingiza uzi kwenye sindano, alikuwa anajiambia jambo lile lile: nimemfukuza mimi.

—Leo tunamtoa, alisema kabla hata kahawa haijamiminwa. Leo Jabali anatoka shimoni. Cheche akirudi, nataka amkute mtu wake yuko juu, mzima.

—Anatokaje?

Huyo ni Breki, dereva wa lori la mchanga. Wanamwita hivyo si kwa sababu ya lori, bali kwa sababu hakuna jambo linalopita benchini asilisimamishe.

—Ndiyo mnisaidie, alisema Fundi Uzi.

—Nikusaidie nini na wewe ndiye uliyefunga mlango? Jabali mwiko wake ni nini? Haombi msaada. Si mimi niliyeandika, kaandika Cheche mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kapewa nguvu ya kubeba lango la chuma mgongoni peke yake. Kaanguka shimoni, anataka kuita wenzake. Ukasema hapana. Na mimi nakuunga mkono, ulisema sawa.

—Nilisema sawa, lakini sikulala.

—Kulala ni shauri lako. Mwizi wangu mimi mwiko wake ni kuvuka maji. Hadithi nzima nazunguka mito, miguu ya yule mtu imeota sugu. Nani alinihurumia?

—Mwizi ahurumiwe kwa lipi? alidakia Wembe.

Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili. Mtu wake ni mganga ambaye mwiko wake ni kusema uongo, na kijiwe kizima kinakubali kwamba yule mganga ana kazi ngumu kuwa na mwenyewe kama Wembe. Alisogea mbele, akashika kikombe kwa mikono miwili, dalili kwamba anataka kutoa hoja.

—Sikilizeni. Mwiko unasema haombi. Haukusema hakohoi. Jabali akohoe. Sisi tunapita juu, tunasikia kikohozi, tunachungulia kwa hiari yetu. Ameomba? Hajaomba.

—Kikohozi cha kuomba ni kuomba, alisema Breki. Mke wangu akikohoa mlangoni najua anataka nini.

—Anataka nini?

—Niinuke nimpokee mzigo.

—Na unainuka?

—Nainuka. Naishi naye, nakijua kikohozi chake. Nyie na Jabali mmeishi wapi?

Fundi Uzi hakucheka. Alikuwa anatazama ile barabara ya vumbi, upande anaokaa Cheche. Mtu mmoja alitokea mbali akiwa na mabega mapana, Fundi akainuka nusu, kumbe ni muuza maji na madumu yake.

—Basi tuseme hivi, Wembe aliendelea, maana ukimfungia mlango huyu anaingia dirishani. Alipoanguka aligonga kichwa. Akasahau mwiko wake. Mtu hawezi kuvunja kitu asichokikumbuka.

—Mwiko haukai kichwani.

—Unakaa wapi?

—Kwenye boksi! Umeandikwa kwa kalamu!

—Jabali halijui boksi. Jabali ni mtu wa hadithini, ataonaje boksi lililoko kibarazani kwa fundi nguo?

—Kwa hiyo mimi mwizi wangu akisahau kidogo tu, anavuka mto?

—Mwizi wako hana kichwa cha kugonga.

—Haya, rudini kwenye jambo, alisema Fundi Uzi. Hamuelewi. Yule bwana hakuondoka hivi hivi. Amekaa kwenye benchi hili miaka na miaka, mvua na jua. Mtu kama huyo haondoki kwa sababu ya dadu.

Shangazi, aliyekuwa anapepea jiko lake, aliinua kichwa. Yeye hachezi. Anasema ana watu halisi wa kutosha kumsumbua.

—Kwani nyie hamjui kama yuko shimoni?

—Tunajua, Shangazi, alisema Wembe.

—Sasa si mkamtoe?

—Sisi ndio tunajua. Watu wetu hawajui. Mganga wangu na mwizi wa huyu wako mbele huko njiani, wanadhani Jabali anawafuata. Bila yeye kuita, hawana habari. Mchezo ndivyo ulivyo.

—Mbona mimi najua na sichezi?

—Shangazi, tumiminie kahawa tu.

Akamimina, huku akiguna. Breki alikunywa, akaungua, akakiweka kikombe chini kwa hasira kana kwamba kikombe ndicho kilichomkosea.

—Mimi nawaambia ukweli ambao hamtaki kuusikia, alisema. Cheche aliona aibu. Kwani mmesahau ile dadu? Ilianguka moja. Moja, kweupe, jua halijazama. Yeye akasema nne. Nikamwambia, bwana Cheche, usitufanye watoto. Akaichukua ile dadu akaisogeza mpaka puani, akaichungulia, akasema samahani. Nyie mmewahi kumsikia mtu akisema samahani hapa? Ni mtu aliyekamatwa.

—Cheche si mtu wa kuiba dadu, alisema Fundi Uzi.

—Hata mimi nilishangaa.

—Labda dadu yenyewe ilikuwa na vumbi, alisema Wembe, kisha akachangamka tena, maana wazo lilikuwa limempata. Jamani! Pacha!

—Pacha gani?

—Aliyeko shimoni si Jabali. Ni pacha wake. Walizaliwa pamoja, wakapotezana, na pacha hana mwiko wowote. Yeye anapiga kelele mpaka mbingu zinasikia. Tunamtoa pacha.

—Na Jabali yuko wapi?

—Jabali alikuwa amekwenda haja.

Hapo hata Breki alicheka, na kwa kuwa alikuwa upande wa matofali, benchi likayumba na kahawa ikamwagikia suruali ya Wembe. Kwa dakika hiyo moja ilikuwa kama jioni za zamani. Na ajabu ya Breki ni kwamba akishacheka, breki zinakatika.

—Mimi nina bora kuliko hilo, alisema akijifuta machozi. Jabali asiombe. Pacha asiombe. Shimo ndilo liombe. Shimo limechoka kubebeshwa lijitu zima la kilo mia na ushee, linapaza sauti: njooni mniondolee mtu wenu! Shimo halina boksi, halina mwiko.

—Shimo linaongea!

—Kwani mazimwi ya Fundi hayaongei? Mbona lile la darajani lilinidai nauli?

—Naandika, alisema Wembe. Fundi, naandika. Shimo limeomba msaada.

Lakini Fundi Uzi alikuwa ameziba uso kwa viganja. Walipomtazama, kicheko kikaisha chenyewe.

—Kati yetu, aliuliza taratibu, nani amekwenda kwake?

Wembe alianza kutafuta doa la kahawa kwenye suruali, ingawa lilikuwa linaonekana vizuri tu.

—Saluni haina mtu, alisema. Nikifunga, wateja wanahamia kwa yule jirani.

—Mimi lori, alisema Breki. Alfajiri niko machimboni, unanijua. Halafu mtu akitaka kukaa kivyake unamwacha. Ningeenda ningeonekana nimemfuata kwa ajili ya ile dadu.

—Na wewe, Fundi? aliuliza Shangazi.

Fundi Uzi alikuwa amekwenda. Hakuwaambia, lakini alikuwa amekwenda mpaka mwanzo wa kichochoro cha Cheche, akauona mlango wake, akaona viatu vyake vya kazini nje vimekauka udongo. Akageuka. Aliogopa. Aliogopa kugonga, Cheche atoke, amtazame na kumwambia kwamba hataki tena kumwona. Kumuita mtu rafiki miaka yote hiyo kisha uogope mlango wake, ilimuuma na ilimtia haya, na hakuwa na pa kuisemea.

—Nilitaka kwanza tumtoe shimoni, alisema. Ili nikienda niwe na cha kumwambia.

Hakuna aliyemcheka. Wembe ndiye aliyeuliza, na safari hii kwa sauti ya kawaida, bila hoja ndani yake.

—Siku ile alisemaje hasa? Mimi nilikuwa nacheka, sikusikia vizuri.

—Alisema Jabali anaita wenzake. Nikamwambia mwiko. Akasema, Fundi, kule chini ni giza, Jabali haoni. Nikamwambia, kama haoni apapase. Nyie mkacheka. Akasema tena, haoni kabisa, anaogopa, muache aite. Nikamwambia Jabali haogopi, rusha dadu. Akarusha.

—Ikaanguka moja, alisema Breki.

—Ikaanguka moja.

Ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele ya kibaraza. Alikuwa amejitanda kanga, amevaa viatu vya nyumbani, na anatweta kidogo kama mtu aliyetembea haraka kisha akapunguza mwendo karibu na kufika. Aliwatazama mmoja mmoja.

—Hamjambo. Nyie ndio wa mchezo wa dadu?

—Si kamari, dada, Wembe alisema haraka.

—Najua si kamari. Mimi mke wake Cheche.

Fundi Uzi aliinuka mpaka benchi likayumba.

—Shemeji! Karibu, shemeji. Karibu ukae. Shangazi, kahawa. Mwenzetu hajambo? Tumepiga simu mpaka tumechoka.

—Simu haoni kuipokea, shemeji.

Alisema hivyo tu, kawaida, na kwa kuwa walibaki wanamtazama, akaona lazima aeleze. Hakukaa.

—Macho. La kulia limeshakwenda, la kushoto nalo linafifia. Daktari alimwambia asubuhi ya siku ile aliyokuja kwenu mara ya mwisho. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na koti lake, hakulivua. Nikamwambia tuwaite ndugu zako. Akakataa. Akasema nitaanza na wenzangu wa kijiweni, kwao ndiko rahisi, nikishaweza kuwaambia wao nitaweza kuwaambia wote. Akanawa uso, akaja.

Wembe aliweka kikombe chini. Breki alikuwa anatazama mikono yake.

—Aliporudi hakusema kitu. Mpaka leo. Chakula anakula nikimlazimisha. Ndugu zake bado hawajui, anasema hataki kuombaomba. Watu wa hospitali wanataka aje na mtu wa kumsaidia, anasema hana mtu. Nimeshindwa, mashemeji zangu. Nimeona nije niwaulize nyie. Siku ile aliwaambia?

—Hapana, shemeji, alisema Breki upesi. Haki ya Mungu, hakutuambia. Tungejua tungekaa hapa? Hakusema neno.

—Alituambia, alisema Fundi Uzi.

—Lini? Breki alimgeukia. Alituambia lini, Fundi?

—Alituambia. Alisema haoni. Alisema anaogopa. Alitaka kutuita.

Uso wa yule mama ulilegea, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu. Alikuwa amekuja akihofia kwamba mumewe alimdanganya, kwamba alikwenda kuzurura tu akarudi. Kumbe alisema. Akavuta kanga yake vizuri, akamsogelea Fundi Uzi, na kwa mara ya kwanza tangu afike, akatabasamu.

—Afadhali, alisema. Mungu awabariki. Na nyie mkamjibu nini?

Wembe alimtazama Breki. Breki alimtazama Shangazi. Shangazi aliinamia jiko lake akalipepea, ingawa moto ulikuwa umeshika vizuri. Fundi Uzi alifungua mdomo, na yule mama akainamisha kichwa kidogo ili amsikie.